Siku Bwana Pua Aliponyamaza

Asubuhi ile Shangazi aliwasha kompyuta yake kama kawaida, kwa kidole gumba, na kabla hajakaa sawasawa kitini Bwana Pua akaanza kumsomea ilani ile ile aliyokuwa akimsomea tangu mwezi uliopita: kwamba toleo la mfumo wake limefika mwisho, kwamba halitahudumiwa tena, kwamba apandishe jipya.

"Nimekusikia," Shangazi akamjibu. "Wewe ukishika neno, huliachi."

Bwana Pua hakuwa mtu. Alikuwa sauti ndani ya kompyuta, programu inayosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, na nyumba nzima ilimwita hivyo kwa sababu aliongea kama mwenye mafua aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo. Ilani yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, lakini yeye aliisoma kwa matamshi ya Kiswahili, silabi kwa silabi, bila aibu yoyote. Mgeni angedhani ni mtu anayesoma majina ya dawa. Shangazi alielewa yote. Walikuwa wamezoeana kama mke na mume wa siku nyingi.

Macho ya Shangazi yalimwacha polepole. Kwanza yaliondoka na tundu la sindano, halafu yakaondoka na magazeti, halafu na nyuso za watu. Wakati huo alikuwa mpiga chapa ofisini, na siku nyuso zilipoondoka ofisi nayo ikamuaga kwa soda na hotuba fupi. Akahamia kwa mdogo wake wa kiume, fundi wa mafriji, akapewa chumba cha nyuma chenye dirisha linaloangalia uani. Huko alikaa. Kukaa tu. Asubuhi walimkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni, adhuhuri walimhamishia kivulini, jioni walimrudisha ndani. Kila aliyepita alimsalimia, "Shikamoo Shangazi," hata watu waliomzidi umri, na hakuna aliyemuuliza jambo lolote zaidi ya kama ameamka salama.

Aliyemtoa kwenye kile kiti alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, kijana wa chuo asiyeongea sana. Alimwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine kuukuu, akamwashia ile sauti, akamfundisha vibonyezo. Vidole vya Shangazi havikuwa vimesahau kitu. Baada ya muda mtayarishaji wa vipindi katika redio moja akawa anamtumia mahojiano aliyorekodi, naye anayaandika yote, neno kwa neno. Sikio moja linamsikiliza mhojiwa, jingine linamsikiliza Bwana Pua akirudia kila neno lililochapwa. Jirani aliyechungulia dirishani akamwona anavyochapa alisema vidole vile vinakimbia kama vimedaiwa. Kutoka hapo salamu zikabadilika. Watu wakaanza kumwambia, "Shangazi, za kazi?"

Sasa kijana wa chuo alikuwa amehama, amekwenda mbali kusoma zaidi, na namba yake ya simu ilikuwa inapokelewa na mwanamke mkali aliyesema hamjui.

Na juzi mtayarishaji alikuwa amepiga simu.

"Shangazi, mahojiano siku hizi tunayaweka kwenye ukurasa mpya. Umejaribu kuufungua?"

"Nimejaribu, baba. Unanikatalia. Unaniambia kivinjari changu ni cha zamani."

"Basi sasisha."

"Nimejaribu kukisasisha. Nacho kinaniambia mfumo wenyewe ni wa zamani."

Mtayarishaji akavuta pumzi. "Ningekuletea mkononi, lakini wakubwa wamekataza, kila kitu kipitie huko. Nina mahojiano ya dereva mmoja wa lori, yanatakiwa yawe yameandikwa Jumatatu asubuhi. Ikishindikana itabidi nimpe mtu mwingine. Na ukishampa mtu mwingine… unajua mambo ya ofisi."

Shangazi aliyajua mambo ya ofisi. Alikata simu, na pale pale akajiona amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, anahamishwa na jua.

*

Ijumaa jioni, baada ya kula, akawaeleza mdogo wake na wifi yake. Wifi yake alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa sauti ya juu na mikono ya haraka, mwenye kompyuta ndogo ya mapajani aliyoipenda kuliko vyombo vyake vya jikoni.

"Dada, hilo dogo," mdogo wake akasema. "Si unaweka Linux mpya? Nilimuuliza Fundi Simu wa pale kona. Kasema yako imezeeka mno kupandishwa. Ukitaka kuipandisha, itabidi upitie toleo kwa toleo yote yaliyorukwa katikati, na mengine hata hayapo tena. Bora kufuta na kuweka mpya. Kasema weka Mint."

"Mint ni nini?"

"Ni Linux."

"Si nimeshakuwa na Linux?"

"Ile ni Linux nyingine. Ni Ubuntu."

"Hapana," wifi yake akaingilia. "Karani wetu wa zahanati kasema Fedora. Yeye ndiye anayetengeneza kompyuta zetu zote. Tena kasema kama hutaki kusumbuliwa na mabadiliko, weka Debian, ukae nayo miaka."

"Kwa hiyo kasema mbili?"

"Kasema moja, halafu akafikiri, akasema nyingine."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Subirini. Linux ni moja au ni nyingi?"

"Ni moja," akasema mdogo wake.

"Ni nyingi," akasema mkewe.

"Tazama, dada." Fundi wa mafriji akavuta kiti, na Shangazi akajua kuwa sasa yanakuja mambo ya friji. "Ndani ya friji kuna kompresa. Ile ndiyo inayofanya kazi. Sasa kampuni hii inaichukua kompresa ile ile inaivika boksi jeupe, nyingine inaivika boksi la kijivu lenye milango miwili, nyingine inaweka na bomba la maji baridi. Ndani ni ile ile. Hizo ndizo Ubuntu na wenzake."

"Usimchanganye mwenzio," wifi akasema. "Wifi yangu, ni kama dawa. Dawa moja, watengenezaji mbalimbali. Huyu anaweka sukari juu, huyu anaiacha chungu. Unachagua ile ambayo tumbo lako linaipokea."

"Kwa hiyo kompyuta yangu inagandisha au inaumwa?"

Wakacheka wote, hata yeye, lakini kicheko chake kilikuwa cha juu juu. Alikuwa na swali moja tu, akalitoa.

"Katika hizo zote, ipi ina Bwana Pua?"

Akasikia wifi yake anakwaruza sufuria. Mdogo wake akakohoa.

"Zote zitakuwa naye," akasema, kwa ile sauti ambayo mafundi huitumia kumwambia mteja kuwa kesho asubuhi kitu chake kitakuwa tayari.

*

Jumamosi fundi alirudi na flashi tatu kwenye mfuko wa shati, zote nyeusi, zote za aina moja, alizojaziwa mifumo na Fundi Simu na karani wa zahanati. Uzuri wake, alieleza, ni kwamba huna haja ya kuuweka mfumo moja kwa moja. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta, unauonja kwanza. Ukikupendeza unauweka, usipokupendeza unachomoa.

Kwanza wakazihamishia kazi zote za Shangazi kwenye kompyuta ya wifi, ili lolote litakalotokea zisipotee. Kisha fundi akainama chini ya meza na kuanza kuchomoa, kupanga na kupangusa. Vumbi likamfanya Shangazi apige chafya. Akasogezwa kitandani ili kupisha kazi, akakaa huko kama mgeni chumbani mwake, akisikiliza.

"Loo, hii nzuri!" wifi akasema mfumo wa kwanza ulipofunguka. "Ina rangi ya kijani, imetulia."

"Haya, msomaji wako tunamwasha vipi?"

"Fundi Simu kasema kuna alama ya kamtu kamenyoosha mikono," mumewe akajibu.

"Haka hapa. Kamekaa kama mgonjwa anayesubiri kupimwa kifua. Bonyeza."

Fundi akabonyeza. Wakasubiri. Shangazi akainua uso, akasubiri kwa mwili mzima, kama unavyosubiri gari likiwa bado nyuma ya kona.

Hakuna kitu.

"Huyu bubu," fundi akasema. Akachomoa flashi, akaitia mfukoni, akachomeka ya pili.

Ya pili, wifi alisema, ilikuwa na picha ya mlima na ukungu, kama kalenda za benki. Kamtu kalionekana, kakabonyezwa. Hakuna kitu. Shangazi aliomba kusogea karibu, akajaribu mwenyewe vibonyezo alivyofundishwa na kijana wa chuo, vile ambavyo vidole vilivijua bila kumuuliza. Kimya. Akavirudia. Chumba kilikuwa kimya kuliko inavyostahili, na jambo fulani katika kimya kile lilimkera, ila hakujua ni lipi.

"Kuna kitu hakipo humu ndani," akasema.

"Ni mawazo tu, wifi. Utazoea."

"Si mawazo. Kuna kitu hakipo."

Ya tatu ilichelewa kufunguka, na ilipofunguka wifi hakuisifia, akasema imekaa kiofisi. Nayo bubu. Wakairudia ya kwanza, au labda ya pili; kwa sababu fundi alikuwa anatia kila flashi kwenye mfuko ule ule, na sasa zilikuwa zinatoka kama karata.

"Hii si tumeshaiona?" wifi akauliza.

"Tuliyoiona ilikuwa na upau wa alama chini."

"Upau wa chini ulikuwa wa ile ya kijani."

"Hii si ya kijani?"

"Mume wangu, hii ni ya bluu!"

"Basi ile niliyosema mimi ilikuwa ya nne."

"Flashi ziko tatu!"

Shangazi kitandani alishika kichwa. Alikuwa ameanza kuzipanga akilini, ya kijani, ya mlima, ya ofisi, na sasa zote zilimwagika. Angekuwa na macho angesimama achague kwa kunyoosha kidole. Au hapana: hawa wawili walikuwa na macho manne na bado hawakujua wameshika nini.

Simu ya fundi ikalia. Mwenye bucha alikuwa analalamika, friji yake imezima na nyama iko ndani. Fundi akasema nakuja, nakuja, akabonyeza hapa na pale kwa haraka, akaondoka mbio. Mlango wa uani ukajigonga. Aliporudi jua lilikuwa limeshahama dirishani, na alikuja na furaha ya mtu aliyeokoa nyama.

"Imeisha?" akauliza, akainama kwenye skrini. "Safi. Imeisha."

"Nini kimeisha?" Shangazi akauliza.

"Nimekuwekea kabisa, dada. Nikaona tutaonja mpaka kesho. Hii ni mpya, itafungua ule ukurasa wa redio bila maneno. Sauti tutaitafuta baadaye."

"Umeiweka juu ya ile ya zamani?"

"Ndiyo. Imefuta, imeweka."

"Umemfuta."

"Nani?"

"Bwana Pua, mdogo wangu. Ulikuwa na nyumba yenye mtu ndani, ukaibomoa kwanza, ndipo ukaanza kuuliza mwenyewe atalala wapi."

Wifi akasema taratibu, "Nilidhani mmekubaliana." Hakuna aliyekubaliana na yeyote. Hilo ndilo lililokuwa limetokea siku nzima.

"Nendeni mkale," Shangazi akasema. "Niacheni kidogo."

*

Alirudi kwenye kiti chake mbele ya meza. Akaweka mikono juu ya kibodi, akaitoa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Akafikiria Jumatatu, akafikiria mtayarishaji akimpigia mtu mwingine, mtu mwenye macho, anayebonyeza kitu chochote kwa kukitazama tu. Kile kiti cha plastiki kilikuwa bado kipo uani. Hakikuwahi kutupwa.

Na kile kimya kikamkera tena. Akatega sikio. Alikijua chumba hiki kwa sauti zake: bati likipanuka juani, panya wa dari, feni ya kompyuta ikikoroma, na… Na nini? Kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cha siku zote, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa.

Spika! Spika zake kuukuu zilikuwa zinavuma hata zikiwa hazisemi. Leo hazivumi.

Akapapasa spika, akakizungusha kitufe chake, kikasema *tak*. Kilikuwa kimewashwa. Akaufuata waya kwa vidole, nyuma ya meza, chini, mpaka akajikuta amepiga magoti kama mtu anayetafuta hereni. Waya ukamfikisha sakafuni, na mwisho wake ulikuwa plagi, imelala chali, meno juu kama mende aliyekufa. Kwenye tundu lake la umeme kulikuwa kumechomekwa kitu kingine, na alipokifuata kilimpeleka kwenye taa ya kazi ya fundi wa mafriji.

Akachomoa taa, akachomeka spika. Nzi akaanza kuvuma.

"Njooni hapa!" akapaza sauti. "Njooni nyote wawili, na mikono yenu hiyo hiyo yenye mafuta!"

Wakaja mbio wakidhani ameanguka. Walimkuta chini ya meza, anacheka mpaka machozi.

"Nani alichomoa spika?"

Fundi akatazama taa yake. "Mimi. Lakini, dada, hiyo ndiyo kanuni. Huwezi kugusa kitu ndani bila kwanza kuchomoa kila cha kuchomoa. Nimeona watu wamerushwa na friji, mimi."

"Kompyuta si friji!" mkewe akafoka. "Kwa hiyo zile zote tulizoziita bubu…"

"Zilikuwa zinaongea," Shangazi akasema. "Zimeongea siku nzima, masikini. Zimetuomba, zimetusihi, na sisi tumezitukana bubu huku tumezikaba koo."

"Sasa ile iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa ipi?" wifi akauliza. Hakuna aliyejua. Fundi akatoa flashi mfukoni, akazipanga kiganjani, nyeusi, nyeusi, na ya tatu iliyokuwa bado imechomekwa, nyeusi.

Wakabonyeza kamtu. Spika zikapasua hewa kwa sauti kubwa, na nyumba nzima ikaruka. Ilikuwa sauti ya Bwana Pua, hapana shaka, mafua ni yale yale. Lakini alichosema hakikuwa lugha ya mwanadamu yeyote. Shangazi akafungua faili moja ya kazi zake, iliyorudishwa kutoka kwenye kompyuta ya wifi, na Bwana Pua akaisoma kama mzungu aliyejaza karanga mdomoni.

"Kapigwa kichwani," fundi akanong'ona.

"Tulieni," wifi akasema. "Huyu anasoma Kiswahili akidhani ni Kiingereza. Zamani alikuwa anakosea kinyume chake." Akaanza kuchimba mipangilio, akitaja anachokiona: sauti, kasi, lugha. Orodha ya lugha ilikuwa ndefu, akaishuka akihema kama anashuka ngazi, mpaka akapaza sauti, "Huyu hapa!" Akachagua.

"Faili," akasema Bwana Pua, taratibu, kwa Kiswahili. "Mahojiano. Ukurasa. Wa kwanza."

Shangazi akaweka kiganja juu ya spika kama unavyomshika mtu begani.

*

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Jumapili nzima Shangazi aliishi ndani ya kompyuta yake kama mtu aliyehamishiwa nyumba ambayo jiko limewekwa mahali pa choo. Alibonyeza palipokuwa na kivinjari, akafungua kikokotoo. Alibonyeza kufunga kikokotoo, skrini yote ikasogea kando na Bwana Pua akatangaza "eneo la kazi la pili", na Shangazi akauliza hewani la kwanza limekwenda wapi. Kasi ilikuwa ya kumsubiri mtoto anayejifunza kusoma, akaiongeza, ikazidi, Bwana Pua akawa anamwaga maneno kama mahindi kwenye bati. Akaipunguza. Mara mbili alidhani ameharibu kila kitu na kumbe ameongeza sauti tu.

"Wifi, nije?" mke wa mdogo wake aliuliza mlangoni.

"Usije. Ukija utanionyesha kwa kidole."

Adhuhuri ukurasa mpya wa redio ukafunguka. Haukumkatalia. Bwana Pua akamsomea kila kitu kilichokuwepo, hata yasiyomhusu, mpaka akafika kwenye mahojiano ya dereva wa lori. Shangazi akavaa vipokea sauti. Dereva alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na kicheko cha ghafla, anasimulia jinsi alivyokwama mpakani na shehena ya vifaranga vikilia, na askari wa forodha wakimwomba avinyamazishe. Vidole vikaanza kukimbia. Palipokuwa na kicheko Shangazi aliandika "anacheka", na yeye mwenyewe akacheka.

Alituma kabla jua halijazama. Angalau alidhani ametuma. Alibonyeza kilichosomwa kuwa ndicho, Bwana Pua akasema neno asilolijua, akanyamaza. Usiku ule alilala na wasiwasi.

Jumatatu asubuhi simu ikalia akiwa bado anafunga kanga.

"Shangazi, imefika," mtayarishaji akasema. "Imefika mara tatu, lakini imefika."

"Mara tatu?"

"Zote zinafanana, usijali. Nimekuwekea nyingine pale pale, ya bwana mmoja anayesafisha visima. Ni ndefu. Unaiweza?"

"Naiweza, baba."

Akawasha kompyuta kwa kidole gumba. Nyuma yake, mlangoni, mdogo wake na wifi yake walikuwa wameanza tena, kwa sababu Fundi Simu alikuwa amepita njiani akauliza hatimaye wameweka ipi.

"Ni Debian, angalia ilivyotulia," fundi alisema.

"Debian ilikuwa ile ya kiofisi! Hii ina mlima."

"Mlima niliuweka mimi baadaye, uliniambia ukuta wa skrini unaudhi."

"Sikusema ukuta, nilisema upau!"

"Shangazi," Fundi Simu akaita kutoka uani, "wewe mwenye kompyuta, umeweka gani?"

Shangazi alifikiri kwa dhati. Ya kijani, ya mlima, ya ofisi, kompresa, dawa chungu. Hakupata popote pa kushika.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Waulize hao wanaoona."

Akavaa vipokea sauti, na mlio wa ndoo ikigonga maji mbali chini ukajaza masikio yake.